Nyumba Iliyotolewa Edani

Somanga, Jumapili, 18 Agosti 2024

Shemeji Zena,

Nakusalimu huko ulikojificha, mahali ambapo simu haishiki hata mtu apande juu ya mkoko. Mimi mzima. Inayoumwa ni nyumba ya marehemu kaka, na mimi fundi cherehani sijui hata pa kuishika.

Niliondoka Ikwiriri jana, siku moja baada ya hitima ya arobaini. Kabla sijafika mbali, mlango ukafunguka wenyewe. Nikasimama, nikaufunga, nikaondoka, ukafunguka tena. Kaka Kondo aling'oa viti vya basi zima akaligeuza nyumba, akatia kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji, lakini mlango akauacha ule ule wa kondakta. Nimeufunga mara kumi na moja. La pili ni pampu ya maji. Leo alfajiri, muadhini hajamaliza, ikaanza kuunguruma chini ya sinki. Bomba limefungwa na hakuna aliyeligusa. Ikaunguruma kwa muda wa mtu kutawadha, ikanyamaza.

Wewe uliishi humo na kaka miaka sita, ukamshikia spana na kumwagia maji rejeta. Niambie nifanye nini. Kurudi siwezi. Mama yuko Songea kwa dada Ashura anahesabu siku. Basi la abiria amelikataa, nyonga zake haziwezi, na Kondo alimwahidi kumfuata kwa nyumba hii ili arudi Ikwiriri amelala kitandani. Isipofika nyumba atauliza, na akiuliza nani atamjibu? Mpaka leo hajui kama mwanawe amezikwa. Kwake, Kondo yuko Kiongoroni pamoja na wewe, anatengeneza mashine ya mpunga ya baba yako, na mtandao hakuna. Shauri hilo ulilitoa wewe, na kwa presha ya mama naliona lilikuwa shauri jema.

Nikwambie ukweli, shemeji, naogopa. Hili ndilo gari lililomlalia kaka. Usiku nalala nje, kwenye mkeka.

Barua nampa kondakta wa basi la Dar. Ataiacha kwa Subira, dukani Kibiti, naye atamkabidhi Ally wa mashua ya Nyamisati. Jibu nitumie Masasi, kwa wakala wa mabasi, nitalingoja hapo.

Shemejio mshona suruali,
Ridhiwani

*

Kiongoroni, Jumatano, 21 Agosti 2024

Shemeji Ridhiwani,

Barua yako imefika ikinuka dagaa, lakini inasomeka. Mtu mzima na mkeka wako nje ya nyumba yenye kitanda. Aibu nimekuonea mimi.

Mlango kwanza. Bodi la gari limepinda kidogo upande wa kushoto, ndiyo maana komeo halifiki mwisho. Kata utepe wa kanga upana wa vidole vitatu, uzungushe kwenye bawaba ya chini mara mbili, kisha ufunge mlango kwa bega na si kwa mkono. Kondo alifanya hivyo kila safari. Utepe wa zamani ulitoka siku ile walipomtoa.

Pampu inaamka yenyewe maji yakipungua nguvu kwenye bomba. Maana yake koki inavuja, hata kama hulioni tone. Fungua koki ya sinki, utakuta kipande cha mpira cheusi. Kama kimekatika, kata kingine kwenye tyubu ya baiskeli. Ila nashangaa, kwa sababu mpira ule niliuweka mwenyewe mwezi wa sita na ulikuwa mpya. Ikiendelea kukutisha, chomoa fyuzi ya tatu kutoka kulia, chini ya usukani. Bila fyuzi haiwezi kulia.

Mimi naendelea na eda yangu. Baba alimuuliza maalim wa hapa pa kunikalisha, maana mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe, na nyumba ya mume wangu ina magurudumu. Maalim akasema chenye magurudumu ni chombo cha safari, si nyumba, basi nikae kwa baba. Sikubishana. Nilikuwa na hamu ya kutoka pale. Sasa nakaa kwenye chumba nilichozaliwa, nimevaa nguo zangu nyeupe, na kila asubuhi naamka nikitafuta dirisha upande ambao hauna dirisha.

Kuhusu mama, nakuomba neno lisikutoke. Mpaka afike na apumzike. Nakuomba sana, Ridhi.

Zena

*

Songea, Alhamisi, 29 Agosti 2024

Shemeji Zena,

Nimefika. Utepe wa kanga umeshika mlango kuanzia Masasi mpaka hapa. Kwa hilo nimekuvulia kofia.

Koki niliifungua. Mpira ni mzima, mpya kama ulivyosema. Nikachomoa fyuzi ya tatu, nikaitia mfukoni mwa shati, na tangu Tunduru pampu ikanyamaza. Nikapata ujasiri nikaanza kulala ndani.

Juzi mama akaingia kuiangalia nyumba. Ulimwona lini mama anaingia mahali bila kukosoa? Alipanda ngazi polepole, akasimama mlangoni, akatoa salamu kama anayeingia kwa watu. Akatega sikio, kisha akaitikia kwa kichwa. Akakaa pembeni kabisa ya kitanda, nusu yake hewani. Nikamwambia mama, sogea ukae vizuri. Akasema, "Hapa pananitosha. Hapo pana mwenyewe."

Jana alilala humo, akisema anajizoeza kwa safari. Mimi nililala nyumbani kwa Ashura. Alfajiri nikasikia pampu. Nikashika mfuko wa shati, fyuzi haimo. Nikatoka mbio nikamkuta mama kakaa kitako, birika la udhu liko kando ya mlango, limejaa.

"Mama, hii fyuzi nani kairudisha?"

"Mie. Nimeambiwa ilipo na pa kuitia. Mtu atatawadhia nini?"

Sikuuliza nani kamwambia. Ningemuuliza vipi? Na mama yangu hata tochi humwomba mtu amtilie betri.

Sasa kuna jambo gumu. Anataka barua ya Kondo. Anasema kama mimi na wewe tunaandikiana, Kondo ana mkono gani usioweza kushika kalamu? Bila barua hatoki Songea. Kondo alikuwa akimwandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, na wewe ulisoma chuo mpaka mwisho. Mimi nilitoroka kwenda kucheza mpira, sijui hata alifu imesimama au imelala. Andika wewe. Mistari michache, kama yeye. Nimemwahidi kwamba itatukuta Masasi, kwa wakala wa mabasi, na kwa ahadi hiyo amekubali kuondoka.

Najua ninachokuomba. Nisamehe.

Ridhiwani

*

Kiongoroni, Jumatano, 4 Septemba 2024

Shemeji,

Uliyoyataka yamo ndani ya karatasi iliyokunjwa. Nimeandika mistari tisa. Salamu, mashine ya mpunga haijakaa sawa, asiwe na wasiwasi, ale dawa zake, tutaonana. Nilikaa na kalamu tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mkono ulikuwa ukitaka kuandika mengine, nikauzuia. Nilipomaliza nikaoga kama niliyegusa maiti.

Usinitume kazi hii tena.

Sijapenda habari ya fyuzi. Angalia waya unaopita nyuma ya tangi, pengine umechubuka unajigusa. Na mama usimwache peke yake mle ndani.

Zena

*

Lindi, Alhamisi, 12 Septemba 2024

Zena,

Sijui nianzie wapi. Nianzie Masasi.

Karatasi yako niliipokea Jumapili, nikampa mama kama ulivyoikunja. Alivaa miwani, akaigeuzageuza, akaisogeza karibu na dirisha. Kisha akaisoma kwa sauti, nami naendesha, nimetega sikio nisikie umeandika nini. Salamu, sawa. Mashine ya mpunga, sawa. Dawa, sawa. Halafu akaendelea. "Ridhi, mkishuka Mingoyo gari litachemka. Usifungue kifuniko cha rejeta. Mpira wa chini, ule mfupi, una mpasuko upande wa ndani ambao hutauona, utaugusa kwa kidole. Ufunge kwa tyubu, ongeza maji, litafika." Nikasema moyoni, shemeji ana akili, kajua mpira ule ni mbovu akatia onyo kwa mdomo wa kaka.

Karibu na Mingoyo mshale wa joto ukapanda. Nikasimama, nikasubiri lipoe, nikaingiza mkono. Mpasuko ulikuwepo, upande wa ndani, urefu wa ukucha. Niliufunga kwa tyubu na uzi wangu wa kushonea magunia. Tumefika Lindi bila kupungukiwa na maji.

Nikushukuru kwa hilo, lakini mwisho wa barua sikuuelewa. Mama alisoma, "Na Zena mwambieni jiwe lisiwe neno tena." Akakunja karatasi, akaiweka chini ya mto, upande ule usiolaliwa. Nikamuuliza jiwe gani. Akasema, "Kalisema yeye, mie n'tajuaje?"

Jiwe gani, Zena?

Mambo mengine ni madogo, nayaandika kwa kuwa naogopa kuyanyamazia. Taa ya breki inabaki inawaka tukisimama, kama kuna mguu umekanyaga. Feni belti inalia tukiwa tunakwenda, na mama akisema "basi" inaacha. Kitanda kimebonyea upande wa dirishani. Mama hajawahi kulala upande huo.

Utujibu Nangurukuru, kwa muuza mafuta wa mkono wa kulia. Tutakaa hapa siku chache, mama ana watu wa kuwasalimu.

Ridhiwani

*

Kiongoroni, Jumatatu, 16 Septemba 2024

Ridhi,

Nimesoma barua yako mara nne. Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, uniamini. Niliandika mistari tisa. Rasimu yake ninayo hapa magotini. Hakuna Mingoyo, hakuna rejeta, hakuna mpira wenye mpasuko. Mpira ule siujui, tulikuwa hatujafika kuuchunguza. Na hakuna jiwe.

Jiwe ni hili. Siku ile, saa tatu asubuhi, Kondo alipiga jeki upande wa nyuma aangalie bomba la maji lililokuwa likivuja chini ya sakafu. Kitu kidogo, cha robo saa. Akaniita niweke jiwe nyuma ya tairi la mbele, kama siku zote. Kazi ya jiwe ilikuwa yangu miaka yote sita. Tulikuwa tumegombana kwa neno la kipuuzi, alikuwa amesema chai haina sukari. Nikamjibu ndiyo, naweka. Nikabaki ndani nakunja nguo. Nilitaka aite mara ya pili. Hakuita. Nilihisi nyumba inasogea chini ya miguu yangu, kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Watu walipofika, jiwe walilikuta nyuma ya tairi. Nililiweka mimi, baada ya nyumba kumlalia. Kila mtu akasema jeki iliteleza, ni kudra, nami nikaitikia ni kudra. Sikumwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza. Basi nani alimwambia mama yako neno "jiwe"?

Unajua sasa kwa nini nilisema tumfiche. Presha yake ni kweli, lakini mimi niliogopa swali lake. Mama angeuliza amekufaje, angeniuliza mimi, na mbele yake siwezi kusema uongo ukasimama. Nilitaka eda iishe nikiwa huku, nisirudi Ikwiriri, nisimwone tena. Ndiyo maana maalim aliposema nyumba ile si nyumba, nilifurahi. Mume wangu nimemwacha edani peke yake, Ridhi. Nyumba tumeitoa edani tukaitia barabarani na siku zake hazijatimia. Ninyi mliiendesha na mimi nilinyamaza.

Ichome barua hii. Mama asiione.

Zena

*

Ndundu, ng'ambo ya kusini ya daraja, Jumamosi, 21 Septemba 2024

Kwa mkwe wangu Zena, mwana wa watu wa Kiongoroni,

Mie mamako Mwanabaraka. Naandika kwa herufi za chuoni ili Ridhi asiisome njiani. Anaibeba barua hii mwenyewe mpaka Nyamisati, hajui kilichomo, na hilo litamfundisha siku nyingine asitoroke chuo.

Nna habari, Zena. Nna habari tangu siku ya tatu ya msiba. Mie na Ashura hatujapata kukaa wiki moja bila kuvutana, kwa chumvi, kwa kuku, kwa mlango kuachwa wazi. Siku hiyo akaniletea mnofu wa kuku akaniuliza kama umeiva ninavyopenda. Wajukuu wakawa wanazungumza kwa upole. Jirani akaja kuniangalia usoni akaondoka. Nikajua nimefiwa. Nikakaa nikajiuliza nani, na Ridhi akapiga simu, Kondo hakupiga. Basi nikajua nani.

Nikangoja mniambie. Leo ni siku ya sabini na sita. Nimelia kwa kujifunika shuka, nikiogopa kuwaudhi wanangu. Mtoto nimezaa mie, na hata kusema "maskini mwanangu" mbele ya watu mmeninyima. Sikuuona uso wake. Hilo limeniuma, na linaniuma ninapoandika.

Barua yako niliijua ni mkono wako kabla sijavaa miwani. Kondo hakuwahi kuniandikia "Mama mpenzi". Lakini niliposoma nilisikia maneno mengine yakipita juu ya maneno yako, kwa sauti yake, nikayatoa mdomoni kama nilivyoyasikia. Habari ya mpira wa gari mie siijui. Habari ya jiwe siijui. Fyuzi sijapata kuishika tangu nizaliwe. Kila alfajiri anataka maji, na kila tukipita kijiji ananiuliza, "Mama, tumefika kwa Zena?" Namwambia bado. Jana tulipolikaribia daraja mlango ukafunguka na utepe wako wa kanga umefungwa vile vile, haujalegea. Ridhi akaufunga, akasogeza gari, ukafunguka. Mara saba. Nikamwambia zima gari. Nyumba hii haitaki kuvuka kwenda Ikwiriri kwenye kiwanja kitupu.

Huyo maalim wenu mwambieni aje tusemezane. Mume akilala pahali miaka sita, akala hapo, akaswali hapo, akafa chini yake, hapo si nyumbani kwake? Mmekosea, na mie nimekosea kuwanyamazia. Eda yako ina siku hamsini na ushei zimebaki. Njoo uzimalize ndani ya nyumba ya mumeo. Ridhi atakuchukua Nyamisati, na gari la Kibiti litawaleta mpaka hapa darajani. Mie nitakaa nawe, kitanda kinatutosha, upande ule utalala wewe. Chakula watatuletea watu wa Ndundu, nimekwisha sema nao.

Na huyo mtoto wangu usimwogope. Mie pia siku ya kwanza niliogopa.

Mamako

*

Kiongoroni, Jumatatu, 23 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Ridhi alifika na mashua ya Ally jana jioni, macho mekundu. Alinipa barua yako na akanipa na yangu, ile niliyomwambia aichome. Hajaichoma na hajakusomea. Alisema hakuona haki, wewe ukae naye kiti kimoja huku yeye amebeba mfukoni neno ambalo ni lako. Namrudisha leo kwa mashua ya asubuhi akutangulizie haya. Mimi nafuata kesho, nimebaki siku moja ya kumuaga baba na kumwambia tulikosea kunikalisha eda hapa. Baba hajanizuia.

Nikifika kuna jambo la jiwe nitakueleza kwa mdomo wangu, nimepiga magoti mbele yako. Sitaliandika. Ukilisikia unaweza ukanifukuza, na ukinifukuza nitakaa chini ya daraja mpaka siku zangu ziishe, maana hapo ndipo alipo mume wangu na mimi sitoki tena. Nilikuficha kifo cha mwanao ili nijifiche mimi mwenyewe. Jua hilo kabla hujanipokea. Samahani zote nilizokuandikia kwenye rasimu nimezichana, zilikuwa nzuri kupita kiasi.

Ila kuna kitu kimoja, mama, na usingizi umenikataa kwa ajili yake. Kama bado anasema nawe, muulize kama alikaa muda mrefu chini pale kabla sijashuka. Muulize kama aliniita mara ya pili, na mimi sikusikia.

Hapana. Usimuulize. Nakuja nimuulize mwenyewe.

Mkweo,
Zena